Silinda ya Kushoto

Katika kikosi cha wakata miti cha bonde la Kamidani, milimani Tosa, nchini Japani, hapakuwa na wa kumfikia Tatsuma Kusunose kwa msumeno, na wa kwanza kulijua hilo alikuwa Tatsuma mwenyewe. Ukimwonyesha mti wa sugi, ule mwerezi wa kwetu, mrefu kama jengo la ghorofa kumi, alishuka mteremko, akachomeka kijiti ardhini, akapanda tena, na baada ya muda mfupi mti ulianguka ukakipigilia kijiti kile kama msumari. Kisha aliwasha sigara, asiseme kitu. Majivuno ya mtu asiyesema yanachosha kuliko ya mpiga domo, lakini tulimvumilia, maana hakuwahi kukikosa kijiti.

Aliingia msituni na baba yake akiwa na miaka kumi na mitano, enzi za msumeno wa mkono, mti mmoja siku nzima. Misumeno ya mnyororo ilipoletwa alikuwa hajatimiza thelathini. Wanaume walishangilia kama watoto. Kazi ya siku ikawa ya dakika ishirini, na hakuna aliyejiuliza mtetemo wote ule ulikuwa unakwenda wapi. Ulikuwa unakwenda mikononi. Baada ya miaka kadhaa vidole vilianza kubadilika asubuhi za baridi, vikawa vyeupe kama mshumaa, vikafa ganzi, na mwishowe ganzi ikakataa kuondoka. Daktari wa mjini alikuwa na jina la ugonjwa huo, dawa hakuwa nayo. Ofisi ya misitu ikatoa amri: msumeno saa mbili tu kwa siku, na atakayeonekana na vidole vyeupe anyang'anywe kabisa.

Wa kwanza kunyang'anywa alikuwa Okabayashi, jirani yake Tatsuma. Mtu aliyekuwa akibeba magogo begani sasa alifungwa vifungo vya shati na mkewe, akakaa barazani kuanzia asubuhi kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Tatsuma alimpita kila siku akienda kazini. Alimsalimia bila kumtazama, na moyoni aliapa kwamba yeye hatakuja kukaa hivyo maisha yake yote.

Basi akaficha. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kambini, akakoka moto, akakumbatia mkebe wake wa wali wa moto mpaka wenzake wafike. Sigara ilimuunguza vidole, na aliyemwambia ni pua, kwa harufu ya ngozi yake mwenyewe. Mkewe, Isoe, ndiye aliyempaka marhamu.

"Baba Yasuko, kamwone daktari," alimwambia.

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba mkono unaungua na mwenyewe huna habari."

"Mkono wangu unajua kazi yake. Lete chai."

Isoe akaleta chai. Angefanya nini? Alikuwa amekwisha kusema maneno hayo majira sita ya baridi.

Mwezi wa pili wa mwaka 1979, alipanda bondeni kwetu mhandisi kijana aitwaye Hirooka, ametumwa na kiwanda kimoja cha mashine, amekumbatia msumeno wa ajabu. Misumeno yote tuliyoijua ilikuwa na silinda moja. Huu ulikuwa na mbili, moja imelala kushoto na nyingine kulia, na tumbo la mashine limefura pande zote mbili kama mama mjamzito wa mapacha. Kiyooka, msimamizi wetu, aliuzunguka mara mbili.

"Sasa hiki nacho ni chenso au ni pikipiki?"

"Ni chenso, Kiyooka-san. Chenso isiyotetemeka," Hirooka alisema, akakunja ngumi mbili na kuzigonganisha. "Pistoni ya kushoto ikitoka nje, ya kulia nayo inatoka, wakati uleule, kwa nguvu ileile. Hii inavuta kule, hii inavuta huku. Zinamalizana zenyewe humo ndani, mkononi hakifiki kitu."

"Kama mimi na Yasuko," alisema Sadaki. "Kila mtu anavuta kwake, nyumba haisogei." Sadaki alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alikuwa amemwoa binti pekee wa Tatsuma. Watu wakacheka mpaka Tatsuma naye akatabasamu, jambo lisilotokea kila wiki.

Mpango ulikuwa rahisi. Mtu mmoja angeutumia msumeno ule wiki mbili na kuandika kila jioni alivyouona. Siku ya mwisho angekuja afisa wa misitu kushuhudia. Akiridhika, kikosi kizima kingepewa misumeno ya silinda mbili, na ile ya zamani ingekwenda kwenye vyuma chakavu.

"Mpe Tatsu-san," Kiyooka alisema bila kufikiri. "Kitakachomshinda huyu, sisi wengine tusikiguse."

Hapo ndipo Tatsuma angeweza kusema: mpeni Sadaki, mikono yake bado mizima. Neno lilimfika mdomoni. Akalimeza, akanyoosha mikono kupokea.

Na kwa kila kitu ambacho jicho na sikio na mgongo vingeweza kupima, alipima vizuri kuliko mhandisi yeyote. Aliandika kwamba tumbo lile pana linagonga gogo kabla upanga wa mnyororo haujazama vizuri. Aliandika kwamba mashine inakunywa petroli kama mlevi wa msibani. Kwenye mti mnene ilikosa nguvu usipoipigisha kelele juu kabisa. Ukiilegeza kidogo, mnyororo unasimama. Na kasoro kubwa aliiona siku ya tatu: kabureta ni moja, silinda mbili. Ukiulaza msumeno ubavu, na mti hauangushwi bila kuulaza, silinda ya chini inajaa mafuta, plagi inalowa, na moto unaweza kuzimika upande mmoja huku upande wa pili unaendelea. Hirooka alimwinamia kwa heshima alipoyasoma hayo. Alisema kiwandani walijadiliana miezi minne bila kuliona hilo.

Kuhusu mtetemo, Tatsuma aliandika mstari mmoja kila jioni: Sihisi kitu.

Haukuwa uongo, na hilo ndilo lililomtesa. Hata msumeno wa zamani alikuwa hauhisi tena. Siku nyingine alijaribu kujidanganya kwamba hii sasa ni sifa ya mashine. Mchana mmoja Sadaki aliuomba akate tawi moja tu, na aliporudi macho yalimng'aa.

"Baba, ni kama kushika paka aliyelala! Nikiwa na hii nitafanya kazi mpaka nizeeke."

"Rudisha," Tatsuma alisema. "Si mchezo wa watoto." Lakini alifurahi. Msumeno ulikuwa mzuri kweli, na Sadaki angeupata.

Siku ya mwisho kulikuwa na baridi kali. Afisa wa misitu alisimama juu ya theluji na viatu vyake vya mjini, mikono mfukoni. Tatsuma aliulaza msumeno ubavu na kuanza mkato wa nyuma. Katikati ya mkato sauti ilibadilika. Sote tuliisikia, ilikuwa nene, ikawa ya kukoroma. Masikio ya Tatsuma yalikuwa yamekwisha kuliwa na miaka ishirini ya kelele. Msumeno ukaanza kutikisika, vumbi la mbao likarukia huku na huku, mpini ukaruka ndani ya glavu zake, naye akaendelea kukata kwa utulivu kama mtu anayechana karatasi. Hirooka alipunga mkono. Hakuonekana. Mti ukaanguka, na mahali pake pale pale.

Tatsuma akazima mashine, akamgeukia afisa akitabasamu.

"Leo ndiyo imetulia kuliko siku zote."

Hirooka alipiga magoti, akagusa silinda ya kulia na kuondoa vidole haraka. Kisha akaweka kiganja kizima juu ya silinda ya kushoto, akakiacha hapo. Akafungua plagi. Ilikuwa inachuruzika petroli.

"Upande mmoja ulizimika," alisema polepole. "Katikati ya mti."

Afisa akamkazia macho Tatsuma. "Ulikuwa ukikata kwa silinda moja, hukujua?"

Kulikuwa na majibu mawili tu. La kwanza: mashine imenipigia kelele kwa nguvu zake zote, mikono yangu ndiyo iliyokufa. La pili lilikuwa jepesi zaidi. Tatsuma alimwona Okabayashi barazani. Alimwona waziwazi, na shati lake.

"Sikujua, bwana. Mashine hii inamdanganya mtu. Inakufa nusu na mkono haupewi habari."

Hirooka aliinua uso. Aliitazama ile mikono, makovu ya sigara kwenye ncha za vidole, akaelewa yote. Alifungua kinywa. Lakini alikuwa na miaka ishirini na saba, mbele ya mzee aliyemfundisha kazi wiki mbili, na kikosi kizima kinatazama. Akainama.

"Kosa ni letu," alisema. "Samahani sana."

Kiyooka naye alijua, na alikuwa amejua kwa miaka mitatu. Alihesabu matawi yaliyoanguka. Mimi pia nilikuwapo, na sikusema.

Afisa akaandika kwamba msumeno unaoweza kumzimikia mkataji bora wa bonde bila yeye kujua ni hatari na haufai kununuliwa. Hirooka aliufunga kwenye turubai. Kabla ya kuteremka alimfuata Tatsuma nyuma ya rundo la magogo.

"Kusunose-san, naweza kurudi na barua ya kuomba jaribio jingine. Wewe sema neno moja tu kwa ofisi. Moja."

"Chunga barabara," Tatsuma alisema. "Chini kule pana utelezi."

Jioni ile, Isoe alimuuliza mashine imepita au haikupita. Alimwambia ilikuwa na kasoro. Isoe alimvua shati, kifungo baada ya kifungo, na hakuuliza kasoro ilikuwa ya nani.

Tatsuma alibaki na msumeno wake wa zamani, na heshima yake yote. Aliendelea kuchomeka vijiti. Sadaki na wenzake nao walibaki na ya zamani, saa mbili kwa siku kwenye karatasi, nne au tano msituni, kama ilivyokuwa siku zote.

Baridi ya tatu baada ya hapo, asubuhi moja, Tatsuma alifika kambini akakuta moto umekwisha kokwa. Sadaki alikuwa amechuchumaa peke yake, amevua glavu, mkono wa kushoto karibu kabisa na ndimi za moto. Hakuuficha.

"Baba," alisema, kwa sauti ya kuulizia hali ya hewa. "Kwako wewe kilianza kidole kipi?"

Basi na yeye alijua. Pengine alijua siku ileile, juu ya theluji. Tatsuma akakaa kwenye gogo mkabala naye. Alitaka kusema mambo mengi, na yote yalikuwa yamechelewa miaka mitatu.

"Cha kati," akasema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiri mbele ya mtu, na haikumsaidia yeyote. Sadaki akaitikia kwa kichwa, akakitazama kidole chake cha kati. Wenzao walipoanza kufika, aliinuka akachukua msumeno wake, na wote wawili wakapanda mlimani.