Mihogo Ndani ya Pipa la Moto

Kuna siku moja ambayo hata ningetaka kuisahau nisingeweza, mwanangu, na leo utaisikia yote. Asubuhi nimepita nyuma ya nyumba yako nikakuta umelowesha mashuka ndani ya pipa la moto, lile la maji ya kuzimia moto. Usijitetee. Nimeyaona mwenyewe, na povu la sabuni lilikuwa linaelea juu. Vuta kigoda ukae.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa ndoa. Mume wangu, Kasongo, alifanya kazi ya reli hapa Kamina, na sisi wake za wafanyakazi tuliishi kambini, nyumba zikiwa zimepangwa mistari mistari. Kuta zilikuwa za matofali, lakini juu kulikuwa na majani, maana enzi zile za Wabelgiji bati lilikuwa la wakubwa. Nyumba zilikaribiana mno; jirani akikaanga samaki, wewe ndiye unayekohoa. Sasa fikiri hali ilivyokuwa mwezi wa tisa, mvua bado haijaja, paa zimekauka kabisa, na kila mchana upepo unavuma kutoka upande ule ule.

Mambo ya moto yalisimamiwa na mzee mmoja, Tata Mwilambwe. Alikuwa ametumika miaka mingi kwenye karakana ya garimoshi, akazeeka, wakubwa wakampa kazi hiyo. Wengi tulidhani ni kazi ya kumpumzisha. Lo, mzee yule hakupumzika, wala hakutupumzisha! Kila mstari wa nyumba sita aliuwekea pipa moja la chuma, la maji, na ubao wa kulifunika. Maji yale hukuruhusiwa kuyachota hata kikombe. Kila Jumamosi alipita na fimbo yake aliyoitia alama kwa kisu, akaitumbukiza ndani ya pipa, akaitazama ilipolowa. Maji yakiwa chini ya alama alisimama pale pale kimya mpaka uchukue ndoo, uende bombani, urudi. Na bomba lilikuwa mwisho wa kambi, mwanangu, tena siku nyingine lilifungwa mapema.

Pipa la mstari wetu alinikabidhi mimi. Alisema nyumba yangu iko katikati na mikono yangu ina nguvu. Nilijisikia nimepewa adhabu.

Na pipa lenyewe lilikuwa nusu tu ya usumbufu wake. Wanaume wakienda kazini alitukusanya sisi wanawake, mstari kwa mstari, akachora nyumba zetu mavumbini kwa ile fimbo. Akauliza hapa analala nani. Nani hawezi kukimbia? Nani anawafungia watoto ndani akienda shambani? Tulipomaliza kujibu, akagawa kazi: hawa wawili watashika miti mirefu yenye ndoano, ya kuvutia majani ya paa yashuke chini, hawa wawili watakwenda moja kwa moja kwa yule asiyeweza kukimbia, wasiangalie vyombo, waliobaki, ndoo. Halafu alimgeukia kila mama na swali moja, lile lile. Mimi aliniuliza hivi:

"Ngoie, moto ikitoka kwako, mupepo itaipeleka kwa nani?"

Nikajibu kwa Mama Numbi. Mama Numbi alikuwa jirani yangu upande upepo unakokwenda, na wakati ule alikuwa na mimba kubwa.

"Basi kila siku ukiwasha moto, fikiri Mama Numbi," akasema.

Wenzangu walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Tulimwita mzee wa fimbo. Nilijua hata kumwigiza anavyoinama kuchungulia pipa, mkono mmoja kiunoni, na nilifanya hivyo akiwa hajafika mbali.

Basi ikaja habari kwamba mama mkwe wangu anakuja na garimoshi kutoka Kaniama, atafika Alhamisi. Wewe hukumjua mama yule. Alikuwa akiletewa bukari, ugali wetu, anaibonyeza kwanza kwa kidole kimoja, halafu anamtazama aliyeipika. Siku ya harusi yetu alisema mbele ya watu kwamba wasichana wa kambini hawajui unga, wanajua kununua tu. Nikaapa kwamba safari hii atakula bukari ya mihogo niliyolowesha kwa mikono yangu, niliyoianika na kuitwanga mwenyewe, na atakosa la kusema.

Mihogo michungu, unajua, lazima ilowe siku tatu ndipo uanike. Mtoni wanawake walikuwa wakiibiwa mihogo yao. Karai langu lilikuwa limetoboka. Na pale nyuma ya nyumba yangu, hatua nne kutoka mlangoni, pipa limejaa maji na halina kazi! Jumamosi Tata Mwilambwe alipita, akapima, akaridhika. Alipopinda kona tu nikachota ndoo baada ya ndoo, nikafua nguo za kazi za Kasongo kwa maji yale, halafu nikamenya mihogo na kuijaza ndani. Maji yakapanda tena mpaka kwenye alama. Ukichungulia toka juu ungeapa kwamba limejaa. Nikafunika ubao, nikajiambia Jumanne nitaitoa, Ijumaa nitajaza maji upya, na mzee hatajua kitu. Jumapili nikaenda misa, nikapokea komunyo. Huo ndio ulikuwa ujeuri wangu.

Nayo Ijumaa iliyotangulia, siku moja kabla ya mihogo, Mama Numbi alikuwa amejifungua. Mtoto wa kike. Kwa desturi yetu alikuwa bado ndani na mtoto, akingoja kitovu kidondoke.

Jumanne alasiri niliwasha mbabula, jiko letu la makaa, ili nichemshe maharage. Upepo ulikuwa unapeperusha majivu, nikaisogeza ile mbabula na makaa yake karibu na ukuta, chini ya paa, nikasema hapa imejificha. Halafu nikavuka kwenda mstari wa pili kuomba chumvi. Chumvi nilipewa mara moja. Maneno ndiyo yaliyonichelewesha, maana nilikuwa nasimulia jinsi mama mkwe atakavyobonyeza bukari yangu.

Nilisikia kwanza mlio, kama mtu anavunja vijiti. Nilipogeuka, ukingo wa paa langu ulikuwa unawaka.

Nilikimbia, mwanangu, chumvi ikamwagika njiani. Nikanyakua ndoo, nikatupa ubao, nikaitumbukiza ndoo kwa nguvu zangu zote. Ikagonga mihogo. Nikaikandamiza, nikapata nusu ndoo ya maji machungu yanayonuka, na vipande vya mihogo ndani yake. Nikatupia juu. Mara ya pili nikapata robo. Mara ya tatu nilikuwa nachota mihogo mitupu. Wanawake walikuwa wamefika na ndoo zao, wamesimama nyuma yangu kwa mpango kama walivyofundishwa, wananingoja nitoke wachote. Nikageuka nikawatazama. Nikasogea pembeni, waone wenyewe.

Upepo ukafanya kile ambacho kila siku ulikuwa ukifanya. Ukauchukua moto wangu ukaupeleka kwa Mama Numbi.

Wale wawili waliopangiwa Mama Numbi hawakungoja amri. Waliingia paa likiwa tayari linawaka kwa nyuma. Mmoja akatoka anamkokota mama mwenyewe, wa pili akatoka na kitu kimefungwa ndani ya kitenge, na kile kitu hakilii. Tata Mwilambwe alikuwa amekwisha kufika na watu wa ndoano. Hakujaribu kuokoa nyumba yangu wala ya Mama Numbi. Akaelekeza miti kwenye nyumba ya tatu, ya mjane mmoja, akaamuru paa lake livutwe lote chini kabla moto haujafika. Mjane alilia sana. Lakini moto ulipofika pale haukukuta cha kula, na mistari mingine ikapona.

Nyumba mbili zilibaki kuta tu. Mtoto alikuwa anapumua, ila hakulia wala hakunyonya. Mama Numbi alikaa chini na yule mtoto mapajani, amemwelekezea ziwa, na mtoto hafungui kinywa. Nilipiga magoti kando yake. Hakunitazama.

Mzee akaja kwenye pipa. Akachukua fimbo yake akaitumbukiza, akaiachia. Fimbo ikasimama yenyewe katikati ya mihogo. Kambi nzima iliona. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru angenipiga. Alisema polepole:

"Hii maji haikukuwa ya kwako, Ngoie. Ilikuwa ya huyu mutoto. Weye nilikupatia kuichunga tu."

Akanisaidia kutoa mihogo, kipande kwa kipande, mbele ya watu.

Usinipongeze kwa yaliyofuata, nilifanya kwa sababu sikuweza kukaa. Nilichukua ndoo mbili nikaanza safari ya bombani. Kesho yake asubuhi nilikuwa bado nabeba. Si pipa letu tu. Nilijaza la mstari wa pili, la tatu, la nne. Mikono ilichubuka. Kila nikipita nilitazama pale alipolala Mama Numbi, kwa shangazi yake, na kila mara mtu alitikisa kichwa: bado. Jumatano, jua likiwa utosini, nikiwa na ndoo kichwani, nilisikia mtoto analia. Kilio cha njaa, kikali, cha hasira. Nikasimama katikati ya njia, maji yananimwagikia usoni, nami nalia pamoja naye. Alinyonya, mwanangu. Alinyonya mpaka akalala.

Mama mkwe alifika Alhamisi akakuta mkwewe hana nyumba. Nilimwambia yote, hata lile la kidole na bukari. Akauliza bomba liko wapi, akajifunga kitenge kiunoni na kuchukua ndoo moja. Tulibeba wote siku ile. Hakunitania tena habari ya unga mpaka alipokufa.

Jumamosi Tata Mwilambwe alipita kama kawaida. Nilijificha nyuma ya ukuta uliobaki. Akaniita kwa jina. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwambia aniondolee pipa, ampe mwingine. Badala yake alinipa fimbo.

"Minyi nimezeeka," akasema. "Sasa weye njo utapima ya bote. Hautasahau tena."

Nikapima, mwanangu, mapipa ya kambi nzima. Nikapima miaka mingi, tukiwa na majani juu ya vichwa na baadaye tukiwa na bati. Walinicheka, wakaniigiza ninavyoinama, mkono kiunoni. Nikawaacha wacheke, nikasimama pale pale mpaka ndoo irudi. Yule mtoto leo ana wajukuu. Bukari yake ni mbaya, inashika meno, na kila akiniletea naimaliza yote.

Sasa shika maneno yangu. Moto haukungoji uwe tayari; utayari unaufanya siku ambayo hakuna moto, siku ya kawaida kama leo, ambapo pipa linaonekana halina kazi. Maji ya moto usiyaazime, hata kwa saa moja, hata kwa jambo zuri. Mbabula weka mbali na ukuta, usiiache peke yake ukaenda kuzungumza. Jua majirani zako kwa majina na kwa miguu yao: nani anakimbia, nani hawezi, na nani atakwenda kumchukua. Na kila ukiwasha kiberiti jiulize swali la mzee: moto ukitoka kwangu, upepo utaupeleka kwa nani? Kwako wewe, mimi najua jibu. Ni kwa yule mama wa pembeni mwenye mapacha, na baba yake asiyeweza kusimama.

Leza, Mungu wetu, akulinde na nyumba yako. Akupe mikono isiyochoka na jicho linaloona mapema, na watoto wako wazeeke bila kujua harufu ya paa linaloungua.

Haya, inuka. Toa yale mashuka. Nitakaa hapa hapa na fimbo yangu mpaka urudi na ndoo ya mwisho.