Uzio wa Wodi ya Wazazi Kando ya Rukwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilichimba mashimo sita na sikusimamisha hata nguzo moja. Karakana yetu ilikuwa Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mwajiri alikuwa mkandarasi wa kazi ndogondogo: maghala, vibanda, mapaa na uzio wa mbao. Mimi nilitoka Mbozi, kwenye shamba la kahawa la wazazi wangu, nikiwa na cheti cha useremala na viatu vilivyonibana vidole. Msimamizi Mkuu wa mafundi, mtu wa Kondoa aliyefika mpakani na biashara ya usafirishaji kabla ya kuingia kwenye ujenzi, alinikabidhi sululu na kunionyesha uwanja mtupu.

Nilipomaliza alikuja na fimbo ya kupimia, akaitumbukiza katika kila shimo.

"Hili la tatu limepungua kiganja," alisema.

"Mzee, huko chini kuna jiwe."

"Na hilo jiwe limeajiriwa na nani? Aliyeajiriwa ni wewe. Fukia yote, kesho uanze upya."

Mafundi wenzangu, wote wanaume, walicheka mpaka wakakaa chini. Dereva mmoja wa Kizambia aliyekuwa anakunywa chai uchochoroni aliniita "mukwai", neno la heshima la Kibemba, akaniuliza nilikuwa namchimbia nani kaburi. Nikamjibu kwamba ni la mtu wa kwanza atakayeniuliza swali hilo. Walicheka tena, lakini safari hii walicheka wakiwa upande wangu. Jioni mmoja wao alinikopesha viatu vikubwa zaidi, nikajua nimepokelewa.

Naandika haya kwa vijana wanaojifunza kazi ya mbao leo, kwa sababu uzio huonekana kazi rahisi. Una vitu vitatu tu. Kuna nguzo, ambazo theluthi ya urefu wake inazikwa ardhini. Kuna mikanda, yaani mbao za kulala zinazofunga nguzo na nguzo. Kisha kuna mbao za kusimama, ndizo zinazozuia jicho la mpita njia. Vitu vitatu hivyo nilivifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado kuna siku vilinishinda.

Kituo changu cha kwanza nje ya karakana kilikuwa nyumbani Mbozi. Tulizungushia uzio nyumba za walimu na viwanja vya kuanikia kahawa. Huko juu kuna ubaridi, upepo ni wa kawaida, na maji ya mvua hutiririka mteremkoni yakaenda zake. Tulisimamisha nguzo, tukajaza zege mpaka usawa wa ardhi, tukabananisha mbao kiasi kwamba hata kifaranga hakupenya, na kazi ilidumu. Baada ya hapo nilipelekwa Saza, kwenye makazi ya wachimbaji wa dhahabu. Bwana Stoo wa kule, yaani mtunza ghala, alitaka kila kitu kiwe kirefu kuliko mtu na kisiwe na tundu. Nilimpa alichotaka. Niliporudi Tunduma, Msimamizi Mkuu alinifanya kiongozi wa kikundi, na mimi nikaanza kutembea kama mtu aliyevumbua mbao.

Hapo ndipo nilipotumwa mwambao wa Ziwa Rukwa, katika kijiji kimoja ng'ambo ya Mbangala. Tulipita Galula kwa pikipiki, mbao zikitufuata kwenye trekta. Ukishuka bonde lile, hewa hubadilika. Inakuwa nzito, ya joto, na yenye unyevu unaokaa kwenye shati mchana kutwa. Maji ya ziwa yana magadi, na upepo unaotoka ziwani huacha ladha yake mdomoni.

Aliyetuita alikuwa Muuguzi Mfawidhi wa kituo cha afya, mkunga mnene mcheshi ambaye kijiji kizima kilimwita Sista. Alinipeleka nyuma ya wodi ya wazazi bila kupoteza muda.

"Simama hapa," alisema. "Wewe umejifungua leo asubuhi. Bafu ni lile pale. Tembea."

Nikatembea. Kati ya wodi na bafu kulikuwa na hatua kama ishirini za uwanja wazi, na upande wa pili wa uwanja kulikuwa na mwalo, mahali mitumbwi inapopakua samaki. Wavuvi na wachuuzi walikuwa wamekaa pale wakinitazama mimi.

"Umeona?" aliuliza Sista. "Kitanda ninacho, dawa ninazo, na mikono ninayo. Lakini akina mama wanajifungulia nyumbani kwa sababu ya hatua hizi ishirini. Mwezi uliopita mmoja aliletwa kwangu akiwa amechelewa. Nilimwokoa kwa shida. Fundi, nipe stara, nitakupa watoto wazima."

Nilimjengea uzio wa Mbozi. Nguzo zilikuwa za mlingoti, yaani mkaratusi, ambao haukuwa umekauka vizuri. Zege lilifika usawa wa ardhi. Mbao za paina nilizibana na kuzishusha mpaka ardhini, misumari ilikuwa ya kawaida, na uzio wote niliupaka oili chafu ya malori ya Tunduma ili mchwa wasisogee. Ulipendeza sana. Akina mama walianza kuja kujifungua, na Sista alinitumia salamu karakana kila alipopata mtu wa kumtuma. Lalamiko lilikuwa moja tu: kila aliyeegemea uzio alirudi nyumbani na mtoto mmoja na doa moja jeusi kwenye nguo.

Masika ya kwanza uzio ulivumilia. Masika ya pili, siku ya gulio, upande wote unaotazama mwalo ulilala chini mbele ya watu. Hakuumia mtu, lakini ndani kulikuwa na mama aliyekuwa anatoka bafuni. Wiki iliyofuata wodi ilikuwa na vitanda vitupu.

Msimamizi Mkuu aliniita ofisini. Nilitegemea kelele, lakini alinisogezea kiti.

"Nani amejenga?"

"Mimi, Mzee."

"Nani ataujenga tena?"

"Sijui kama bado unaniamini."

"Sikukuuliza habari za imani, mimi siyo padri wako. Nenda kaangalie ulipokosea. Usishike nyundo mpaka uweze kunieleza. Mvua zikianza tena kabla hujamaliza, yule muuguzi atawapoteza wale akina mama moja kwa moja."

Nilikwenda. Siku ya kwanza nilifukua tu. Kila nguzo ilikuwa imeoza palepale inapoingia ardhini, na zege lilikuwa zima. Nikaelewa: mti ulisinyaa ulipokauka, ukaacha upenyo kuuzunguka, na zege langu likageuka kikombe. Maji yaliingia kwa juu yakakosa pa kutokea, nguzo ikawa imesimama kwenye supu. Mbao nazo zilivimba kwa unyevu, na kwa kuwa nilizibananisha zikakosa pa kwenda, zikabinuka zikang'oa misumari. Misumari yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu, ukiigusa inabaki unga. Upepo wa ziwa ulipokuja ulikuta ukuta usio na tundu na usio na miguu. Ulikuwa na kazi ndogo sana.

Kosa lilikuwa wazi, lakini sikujua la kufanya. Nikiacha nafasi kati ya mbao, hewa itapita, na macho yatapita nayo. Nilikwenda mwaloni kukaa na kufikiri, na pale nikaanza kutazama vichanja vya kuanikia samaki. Vilikuwa vya miti ya kawaida, vimesimama kwenye unyevu uleule, lakini vilikuwa vizima. Mwenye vichanja, mchuuzi wa perege na kambale aliyeitwa Mama Kasimu, aliniona nikipiga magoti kuchungulia miguu ya kichanja chake.

"Wewe si ndiye fundi wa ule uzio uliolala?" aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi. "Sogea polepole, usije ukaniangushia na kichanja."

"Nisamehe, Mama Kasimu. Miguu hii mbona haiozi?"

"Imesimama juu ya kokoto. Maji yakija yanapita, kwani nimeyawekea kiti?"

"Na samaki mbona umewapanga mbalimbali?"

"Ukiwabana wanaoza! Hata wewe fundi ukibanwa na wenzako kumi kwenye joto hili utanuka." Alicheka, kisha akautazama uwanja wa kituo. "Binti yangu anajifungua mvua zikianza. Pakiwa wazi hivyo hataki kwenda. Fikiri haraka, mwanangu."

Alikuwa amepanga samaki kwa tabaka mbili. Wa juu walikuwa wamekaa juu ya nafasi za wale wa chini, na nilipotazama kutoka juu sikuona ardhi, ingawa upepo ulikuwa unapita katikati. Niliondoka bila kuaga.

Nilirudi Tunduma, nikamweleza Msimamizi Mkuu hatua kwa hatua. Akasema neno moja: "Jenga."

Safari hii nguzo zilikuwa za kiini cha mninga, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito ambayo mchwa wanaiogopa, na zilikuwa zimekaushwa kivulini. Chini ya kila shimo tuliweka kokoto za kupitisha maji. Zege tulilipandisha juu ya ardhi na kulipa mteremko pande zote, mvua iteremke badala ya kutuama. Vichwa vya nguzo tulivikata mshazari kwa sababu hiyohiyo. Mbao zilikuwa paina iliyotiwa dawa kiwandani, na misumari na bolti zote zilipakwa zinki. Mbao za kusimama hazikugusa ardhi. Zilikomea vidole vinne juu, na ule uwazi tuliuziba kwa ubao mmoja wa kulala ambao ukioza unatolewa peke yake.

Mbao zenyewe tulizipishanisha: moja mbele ya mkanda, inayofuata nyuma yake, kila moja ikifunika ukingo wa jirani yake kwa upana wa kidole. Hewa ilipita katikati kwa raha. Tukafanya jaribio. Sista aliingia ndani na kuinua mkono. Mama Kasimu alibaki nje na nusu ya wavuvi.

"Ninainua vidole vingapi?" Sista aliita.

"Sioni kitu!" alijibu Mama Kasimu. Kisha akasogea pembeni, akainamisha kichwa. "Ngoja. Nikisimama kwa mshazari naona vitatu. Na naona umevaa gauni la kijani."

Wavuvi wakashangilia. Tukang'oa mbao zote za upande ule, tukazipanga upya zifunikane kwa upana wa vidole vitatu. Mama Kasimu alitembea mbele ya uzio mara nne, akachuchumaa, akasimama kwenye ndoo, akamwita hata mvuvi mrefu kuliko wote ajaribu.

"Vingapi?" aliita Sista.

"Labda hujaingia!" mvuvi akajibu. "Ongea tujue kama upo!"

Mvua zilianza siku tatu baadaye. Sikuondoka. Nilitaka kuuona uzio ukilowa. Upepo ulipokuja kutoka ziwani, mbao zililia kidogo, hewa ikapita, na nguzo hazikutikisika. Binti wa Mama Kasimu alijifungua mtoto wa kike katikati ya mvua hizo, akatembea zile hatua ishirini kwa miguu yake, polepole, bila kujifunika uso. Nilikuwa nimesimama nje na wavuvi, na ninathibitisha kwamba hatukuona kitu.

Nilifanya kazi nyingine nyingi baada ya hapo, za maghala ya Tunduma na nyumba za mabwana wakubwa. Nilistaafu nikiwa Msimamizi Mkuu, nikarudi Mbozi kwenye kahawa. Watu huniuliza uzio upi ninaujivunia, nami huwaambia kwamba fundi hawezi kujua ubora wa nguzo zake mpaka azing'oe, na nani atakubali nimng'olee uzio mzima?

Mwaka huu nilipata mtu. Sista, naye sasa ana mvi, alinipigia simu. Wodi ya wazazi inapanuliwa kwa sababu vitanda havitoshi, na uzio ulikuwa unabana. Alitaka usogezwe nje kwa hatua kumi.

Nilikwenda kusimamia tu, sina mgongo wa kuchimba tena. Vijana wanne walianza na nguzo ya kona asubuhi. Walichimba, wakavunja zege, wakasukuma na kuvuta. Saa nne nguzo ilikuwa bado imesimama, na wao walikuwa wamekaa chini wakipumua. Ilipotoka hatimaye, niliipigapiga kwa nyundo mahali ilipokuwa inaingia ardhini. Ililia kama mbao kavu ya dukani. Mmoja wa vijana aliuliza kama kweli ile ni ya zamani au nawatania.

Nilitaka kumweleza habari ya kokoto, mteremko wa zege na vidole vitatu. Sikupata nafasi. Upande mmoja ulikuwa wazi, akina mama walikuwa wameuziba kwa mashuka ya wodi, na nyuma ya mashuka sauti kali ya mwanamke ilitufikia:

"Nyie mafundi, mnapiga nguzo kama ngoma? Simamisheni huo uzio, tuko saba huku tunataka kuoga!"