Priscille Alivyopamba Salon ya Komanda

Watu wa mbali wakisikia kwamba Bunia, mji wetu wa Kongo, wakati wa vita ilikuwa na mwanamke aliyeishi kwa kupamba nyumba za matajiri, wanacheka. Wacheke. Mimi ndiye niliyemshonea Priscille mapazia yake yote, na sijaona tena mtu anayefanya kazi kwa hasira kama yeye.

Wateja wake walikuwa wafanyabiashara wa dhahabu ya migodi ya Bambu. Walirudi safarini na viti vyenye miguu ya simba na maua ya plastiki, wakitaka vyote vienee sebule moja, ile tunayoiita salon. Priscille aliwauliza mbele ya wake zao, « Unataka salon ao depo? » Kisha alitoa nusu nje. Nyumba njema si mlango, aliwaambia wale wenye malango ya kung'aa, na akaingia ndani kuwafunza. Alizaliwa Mahagi, na uzuri aliujua kwa bibi yake, aliyesiliba kuta kwa udongo mwekundu na kuzichora kwa vidole, kwa majivu na mkaa. Hayo ndiyo aliyoyaleta kwenye salon za kifahari. Wenye pesa walinung'unika, halafu wakaita jamaa zao waje kuona.

Mmoja tu hakunung'unika: Suzanne, mjane mwenye duka mtaa wa Shari. Alikunja kitenge chake akachovya vidole mwenyewe kwenye udongo. Tangu siku hiyo walikuwa kama dada.

Mwezi wa tano 2003, mapigano yalipoingia mjini, Suzanne aliuawa uani kwake. Majirani walimfukia haraka nyuma ya jiko, wakakimbia. Hakuna aliyemlilia. Kwetu, kumzika mtu bila kilio ni kumtupa, na kila tulipokaa kula Priscille alilirudia jambo hilo. Hata lango hakuweza kulikaribia, kwa sababu komanda mmoja wa wanamgambo alikuwa ameichukua nyumba, na sahani za Suzanne na kitanda cha Suzanne vilikuwa vyake sasa. Mwizi mwenye bunduki huitwa mheshimiwa.

Ndipo komanda huyo alipotuita. Mtoto wake angebatizwa Jumapili, na wakubwa wa mji walikuwa wamealikwa.

« Mama, nimesikia weye ndiye unatengenezaka salon za bakubwa, » alisema, buti zake juu ya meza ya marehemu. « Nataka yangu ishinde zote. »

« Itashinda, » Priscille alijibu. « Lakini mutu asiingie mpaka nimalize. »

Njiani nilimwambia wazi kwamba anajikomba kwa wauaji. Alisimama sokoni kununua mikeka, nami nikazidi kumchukia.

Jumapili, komanda na familia yake wakiwa kanisani, Priscille aliwaamuru walinzi watoe vitu vyote vya ndani wavipeleke uani: viti, meza, kabati, redio. Walitii, wakidhani anataka kupiga deki. Akashusha mapazia niliyoshona. Akatandika mikeka, ukuta hadi ukuta, na hakurudisha hata kigoda. Hapo nikaelewa. Kila mtu Bunia anaijua nyumba iliyotolewa viti vyake. Ni nyumba ya kilio.

« Batatuua, » nilimwambia.

« Basi batatuua tukiwa tumeshamulilia, » alisema, akakaa chini.

Wageni wengine walitangulia kufika. Mama wa kwanza, amevaa kitenge cha sherehe, aliona viti uani akasimama.

« Nani amekufa? »

« Suzanne. Mwenye nyumba, » Priscille alijibu.

Sidhani kama alimjua. Lakini mwaka ule kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake ambaye hakupata nafasi ya kumlilia. Akavua viatu, akaketi, akaanza kulia. Wengine wakamfuata, kila mmoja akitaja jina la marehemu wake.

Komanda alipofika, mikononi mtoto aliyevaa gauni jeupe, salon ilikuwa imejaa. Nilimwona akitafuta neno la kutufukuzia. Kabla hajalipata, mama yake mzazi, aliyekuja kutoka kijijini kwa ajili ya ubatizo, alimpita mlangoni, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa mkekani karibu na Priscille na kuanza kumlilia mwanawe mdogo, ndugu ya komanda, aliyefia vitani.

Komanda akarudi uani. Akakaa kwenye kimoja cha viti alivyoiba, mtoto mapajani, akingoja tumalize. Hatukuharakisha.