Majiko Yaliyorudi kwa Mkokoteni

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyotoka nyumbani kwa Mama Chausiku nimebeba jiko lake la mkaa kichwani, natembea kwa madaha kama mtu aliyeshinda kesi. Lilikuwa jiko la mwisho mtaani kwetu. Mengine yote nilikwishayakusanya mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wangu huu huu unaokusimulia leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ndoa yangu mwaka wa pili, naishi na mama mkwe wangu, Bi Zena, katika nyumba hii hii ya ukoo hapa Dodoma mjini. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mahindi, wiki nzima yuko njia ya Kibaigwa, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Ilikuwa miaka ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, sabuni foleni, sukari foleni, halafu ghafla kila mtu akaruhusiwa kuuza kila kitu. Redio zikaingia, mitumba ikamwagika, sahani za maua zikapangwa mpaka barazani. Sisi vijana tulilewa vitu vipya. Nasema sisi, lakini aliyelewa kuliko wote ni mimi.

Ndipo Bwana Shomari akafungua duka la mafuta ya taa pale kona. Alikuwa na shati safi na maneno matamu, na alileta majiko ya mafuta yanayong'aa, yale ya tambi. Masharti yake yalikuwa mepesi. Leta jiko lako la mkaa, ongeza hela kidogo, ondoka na jiko jipya. Mafuta yenyewe aliyauza rahisi kuliko duka lolote mjini. Hakuna kupepea, hakuna majivu, unawasha kiberiti na chai inachemka. Mimi alinipa jiko bure kabisa, akaniambia, dada, wewe watu wanakusikiliza, nisemee. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu anipe kitu bure. Nilifurahi kuambiwa nasikilizwa.

Bi Zena alikuwa anachambua mchele niliporudi na jiko langu jipya. Hakulisogelea. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti yake ile ya taratibu.

"Huyu bwana anauza mafuta. Majiko yetu ya mkaa anayatakia nini?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia mama, siku hizi mambo yamebadilika, ya zamani yana mwisho wake. Yeye akaendelea na mchele wake. Jiko lake kuukuu, lenye mguu mmoja uliofungwa waya, akalisukuma chini ya kitanda chake, na asubuhi yake nikaanza kuzunguka mtaani.

Sasa nikueleze kuhusu mkaa tuliokuwa tunatumia. Uliletwa na Mzee Chilongani, Mgogo mmoja mrefu, mkimya, kutoka upande wa Makutupora, na punda wake wawili. Alituuzia kwa kopo, siyo kwa gunia kama sokoni, kwa hiyo hata asiye na kitu alipata wa kupikia siku hiyo. Majiko yalipokwisha kubadilishwa, alikuja akasimama na punda wake katikati ya mtaa. Tukamwambia leo hapana, babu. Kesho yake akaja tena, leo hapana. Siku ya tatu pia. Siku ya nne hakuja, na hakuna aliyeuliza.

Ukiacha jiko la Bi Zena, akabaki Mama Chausiku peke yake. Huyu alikuwa mjane, anasomesha watoto wake kwa sufuria moja kubwa ya makande, anawauzia wachukuzi wa sokoni. Alikuwa anakwenda mwenyewe mbali kununua mkaa, kwa sababu makande yanachemka nusu siku, na alihofia mafuta yakipanda atakwama. Mwanangu, nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu nikamshika mkono nikamwapia kwamba bei haitapanda, nikasema ikipanda anidai mimi. Akaniangalia sana, kisha akalimwaga jivu, akanipa jiko lake. Ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo.

Haikupita wiki. Mafuta yakapanda. Wiki iliyofuata yakapanda tena, na Ramadhani ilikuwa imebakiza siku chache tu kuingia.

Nilikwenda dukani kwa hasira, nadhani nitazungumza naye kama tulivyokuwa tunazungumza. Bwana Shomari hakunikaripia, hilo ndilo lililoniuma. Alitabasamu. Akasema ya meli, akasema ya dola, na mwisho akasema maneno ambayo niliyabeba mpaka nyumbani.

"Dada, hii ni biashara huria. Anayeona ghali aende kwingine."

Kwingine wapi? Maduka mengine ya mafuta yalikuwa mbali, na leo yana mafuta kesho yamekauka. Mzee Chilongani tulikwishamfukuza. Jiko jipya kwa fundi bati lilikuwa na bei yake, na majiko yetu ya zamani yalikuwa nyuma ya duka la Shomari yamerundikwa mpaka juu ya ukuta, yanasubiri mnunuzi wa vyuma. Niliyaona nilipokuwa natoka. Nililiona la Mama Chausiku juu kabisa, na hapo ndipo swali la mama mkwe wangu lilipopata jibu: aliyataka ili tusiwe na pa kurudi.

Sufuria ya makande ikazimwa. Wachukuzi walikuja siku mbili, wakakuta hakuna, wakatafuta pa kula. Mama Chausiku hakunitukana wala hakuja kunidai. Alikuwa akinikuta njiani anaitikia salamu yangu halafu anatazama chini, na mimi, niliyekuwa na maneno kuliko mtaa mzima, nikawa naharakisha kupita. Aibu ile sitaki uionje. Nilijifungia chumbani nikalia, nikatoka na macho mekundu, Bi Zena akanipa maji ya kunawa.

Nilitegemea aniambie nilikwambia. Badala yake alisema hivi:

"Kulia umeshalia. Aliyeondoka kwa ajili ya mdomo wako ni Mzee Chilongani. Nenda ukamtake radhi, na usirudi hapa mpaka uwe na kitu cha kumpikia yule mama."

Nilikwenda kwa miguu, jua la uwanda wetu unalijua, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkuta mzee pembeni ya mashamba ya zabibu, ana kibarua cha kukusanya matawi yaliyopogolewa. Nikampa mbukwa, salamu ya kwao, kwa Kigogo changu kibovu, akacheka, akaitikia. Kisha akaniambia, wewe ndiye yule wa mafuta. Nikasema ndiye. Nikapiga magoti pale kwenye mchanga nikamwomba msamaha.

Akasema, "Mngeniambia tu, mjukuu wangu. Kwamba hamtaki tena. Mimi ningewapumzisha punda."

Maneno yale ya upole yalinichapa kuliko fimbo. Nikamweleza kila kitu, Shomari, kiapo changu, sufuria ya makande. Akaniambia mkaa hana, ameacha kuchoma tangu tulipomkataa, na kuanza upya kungechukua majuma. Lakini akanionyesha kwa kidevu. Kando ya shamba, mwanangu, kulikuwa na vilima vya matawi ya mizabibu ya msimu uliopita, yamekauka kau, na wenye mashamba walikuwa wanayachoma moto bure ili kusafisha njia. Akamwendea msimamizi wakazungumza Kigogo, msimamizi akapunga mkono kwamba tuyachukue yote na tumpunguzie kazi. Mzee akanionya jambo moja. Kuni hizi zina moto mkali lakini zinakwisha upesi. Nyumba moja moja hazitawafaa, mtazimaliza kwa siku mbili. Pikeni pamoja.

Nilirudi mjini jioni ile nikiwatangulia punda wawili wa mzee waliofunikwa na matawi mpaka huwaoni masikio. Watoto walitufuata. Nikasimama katikati ya mtaa, palepale alipokuwa anasimama Mzee Chilongani, nikaita wenzangu watoke. Nikawaambia mbele ya watu wote kwamba niliwapotosha, kwamba nilipewa jiko bure ili niwasemee na sikuwaambia. Wengine waliguna, na walikuwa na haki. Kisha nikasema tusinunue mafuta ya Shomari hata tone, tupike sote uani kwa Bi Zena, moto mmoja. Wa kwanza kujibu alikuwa Mama Chausiku. Alisema anayo sufuria kubwa.

Basi tulipanga mafiga uani, mawe makubwa matatu hapa, matatu pale, na moto wa mizabibu ukawaka unalia kama mvua juu ya bati. Lile jiko kuukuu la Bi Zena likatolewa chini ya kitanda likawa la chai, tunalilisha vipande vya matawi. Ramadhani ikaingia. Asubuhi sufuria ya makande ilitangulia, kwa sababu wachukuzi wengi hawakuwa wanafunga na njaa yao haikusubiri mtu. Alasiri zikafuata kunde, maboga, mihogo na uji wa uwele. Mmoja anakoroga, mwingine anakuna nazi, mwingine anapanga kuni kwa zamu. Nilijifunza kupika kwa wenzangu mwezi ule kuliko miaka yote niliyoishi kwa mama yangu. Adhana ya magharibi ikilia, mtaa mzima unafuturu kutoka uani kwetu, sahani zinatoka kwa mlango wa mbele na wa nyuma, na Mzee Chilongani, ambaye alikuwa Mkristo, anakaa kwenye mkeka anakula nasi na kutania kwamba sisi ndio tunaofunga na yeye ndiye anayeshiba.

Pale kona mapipa yalikaa yamejaa. Taa tulijibana tukawasha moja moja kwa mafuta yaliyobaki majumbani. Siku ya kumi Bwana Shomari alimtuma mtu kusema amepunguza bei kidogo. Hatukujibu. Kabla mwezi haujafika katikati alikuja mwenyewe, alasiri, sufuria zote ziko motoni. Alisimama mlangoni na shati lake safi, akaomba kuzungumza na mimi. Nikamwambia azungumze na wote. Akasema bei inarudi ilipokuwa, na akauliza, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuusikia kwake, kwa nini tumemtupa.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilimjibu taratibu, kama Bi Zena.

"Hatukukutupa, kaka. Uliniambia anayeona ghali aende kwingine. Tumekwenda. Tukirudi kwako tutarudi kama wateja, na mteja hawekewi rehani jiko lake. Kwanza yarudi majiko yetu."

Alimtazama Bi Zena, labda alitegemea mtu mzima amsaidie. Bi Zena alikuwa anapepea jiko lake, akasema tu kwamba futari inakaribia, akikaa atapata uji.

Kesho yake, mwanangu, ndiyo siku niliyotaka kukupeleka. Mkokoteni ulitoka kona ile umesheheni majiko, umefungwa kamba, unapiga kelele kila jiwe la barabara. Vigelegele vilianza nyumba ya kwanza vikapokewa mpaka ya mwisho. Wanawake waliyakimbilia kama wanapokea mahujaji. Kila mtu alilijua lake, hili lina tundu, hili fundi alilikosea mlango, hili nilipewa siku ya harusi yangu. Mama Chausiku alilipata lake chini kabisa, limebonyea upande mmoja. Alilipangusa kwa kanga, akalijitwika kichwani, akanipita akitembea kwa madaha yale yale niliyotembea nayo mimi. Halafu akageuka akacheka. Nikacheka nami, nikalia hapo hapo, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia.

Shomari hatukumsusa. Tuliendelea kununua mafuta yake kwa taa na kwa chai ya haraka, na bei yake ikawa ya kistaarabu, kwa sababu kila alipotoka dukani aliona majiko ya mkaa barazani na punda wa Mzee Chilongani wanapita na makopo. Makande yalisomesha watoto wote wa Mama Chausiku.

Nakusimulia haya kwa kuwa wiki ijayo unahamia kwako, na jana nilikuona unamwonyesha mchumba wako tangazo la gesi, mtungi wa kwanza nusu bei, ukirudisha ule ulio nao. Usidhani nakukataza. Kipya kizuri, chukua. Mimi mwenyewe napenda gesi, magoti yangu yanaishukuru. Ila mtu akikupa kipya na kukudai cha zamani, muulize anakitakia nini, na usiondoke mpaka akujibu. Bei ya siku ya kwanza usiiamini, iulize bei ya siku utakapokuwa huna pengine pa kwenda. Yule uliyekuwa unanunua kwake, ukimwacha, muage kwa heshima, usimwache amesimama na punda. Usimwapie mtu kwa jambo lililo mikononi mwa mwingine. Na ukikosea, kama mimi, toka nje ukaseme mbele ya wale wale uliowadanganya, kisha beba kuni.

Mungu akujaalie nyumba yenye moto usiozimwa na mtu mwingine, majirani wenye sufuria kubwa, na mama mkwe mwenye swali moja zuri. Sasa inama uangalie chini ya kitanda changu. Lile lenye mguu uliofungwa waya ni lako.