Sambusa Zilizofungwa kwa Hesabu Zangu

Jamani, kisa hiki nimekaa nacho miaka miwili bila kukisimulia, na si kwamba watu hawakijui (mtaa wetu mzima wa Buyenzi unakijua, kuna fundi wa magurudumu hapo jirani ambaye kila akiniona ananiuliza sambusa leo ni bei gani), ila mimi mwenyewe kwa mdomo wangu sijawahi, kwa sababu aibu yake nikiikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. Lakini leo mmenibana, na chai mmelipa nyinyi, basi sikilizeni.

Mimi ni fundi wa breki, hilo mnalijua. Pesa nilikuwa naipata, shida ni kwamba ilikuwa haikai, Jumamosi mfuko umejaa, Jumanne naazima pesa ya mkate. Na wakati huo nilikuwa nataka kumuoa Zaituni, binti wa Mzee Hamisi mwenye duka la vipuri. Tulikuwa tunapendana mwaka wa pili, na baba yake alishasema mbele ya watu kwamba binti yake hampi mtu asiyejua pesa yake inakwenda wapi. Alishamrudisha mmoja kabla yangu kwa sababu hiyo hiyo, tena huyo alikuwa na gari lake mwenyewe! Sasa mimi wa kutembea kwa miguu ningeponea wapi?

Nikamwendea Djuma, rafiki yangu tangu madrasa, anatengeneza kompyuta kule mtaa wa Asiatique. Akaniuzia moja ya zamani, inayounguruma kama mashine ya kusaga, halafu akanitilia ndani programu ya kuandika hesabu za nyumbani. Nikamuuliza hiyo programu bei gani.

"Iyo ni ya bure."

"Bure namna gani?"

"Logiciel libre, Rama. Kuna watu waliifanya, wakasema kila mutu atumie, agawie na wenzake, na mwenye kutaka kuona ndani namna ilitengenezwa, afungue aone. Hakuna kulipa. Hata kesho hakuna kulipa."

Mimi ni mtu wa gereji, cha bure sijawahi kukiona, kwa hiyo wiki ya kwanza nzima nilikuwa nasubiri waje na faktura ya kunidai. Hawakuja. Nikaanza kuizoea, halafu nikaanza kuipenda, halafu (niseme ukweli) ikanitia wazimu. Hiyo programu ina tabia moja, haikubali pesa itoke tu. Ukiiambia imetoka mfukoni, inataka uiambie imekwenda wapi, na usipoiambia hesabu inabaki inaning'inia na wewe roho haitulii. Basi nikawa naandika kila kitu, avoka (parachichi zangu za kila siku), sabuni, kunyoa, mpaka sadaka ya Ijumaa niliandika, Mwenyezi Mungu anisamehe. Na ilisaidia! Baada ya miezi michache pesa ilianza kukaa, mahari ikaanza kuonekana kwa mbali.

Balaa ilianzia kwenye zawadi. Mnajua mtu anayechumbia haendi mikono mitupu. Mama yake Zaituni nilimpelekea sukari, shangazi yake, Shangazi Mwajuma, nikampelekea kitenge, na Mzee mwenyewe nilimbadilishia breki za pikapu yake, akatia mkono mfukoni nami nikamwambia, apana mzee, wewe ni baba yangu. Nikarudi nyumbani nikaandika yote hayo kwenye matumizi, na lile duara ambalo programu inachora kuonyesha matumizi likawa jekundu karibu lote. Niliumia, wallahi. Ndipo nikapata akili yangu ile ya kijinga: kwetu posa ikikataliwa, si watu wenye heshima zao wanarudisha vitu vya kijana? Basi hivyo vitu havijapotea bado, viko tu kwa watu. Nikafungua hesabu mpya upande wa mali yangu, nikaipa jina, "Kwa kina Zaituni: vya kurudishwa posa ikikataliwa". Wekundu wote ukaondoka, nikalala usingizi mzuri. Tena kando ya kila kitu programu inaacha nafasi ya kuandika maelezo, na mimi nikipewa nafasi ya maelezo, naeleza.

Posa ikapangwa Jumapili. Mshenga wangu alikuwa Baba Mdogo Sudi, mdogo wake marehemu baba, mtu wa maneno matamu na macho mabovu. Akasema anataka kujua nimeweka kiasi gani kabla hajafungua kinywa. Nikamfungulia kompyuta.

"Mi sisomi kwa kioo," akasema. "Niletee karatasi."

Alhamisi nikaenda Asiatique kwa mama mmoja mwenye chumba cha kuchapa karatasi. Nilitaka ukurasa mmoja tu, ule wa jumla. Nikabonyeza nilipobonyeza, mashine ikaanza kutapika karatasi, ikatapika, ikatapika, ilipotulia zilikuwa arobaini na moja, hesabu yangu yote tangu avoka ya kwanza. Yule mama akataka nilipe zote. Sasa mtu anayeandika avoka alipe karatasi arobaini asizozitaka?

"Mama, mi nilitaka moja."

"Na hizi ingine wino nimetia mate?"

"Bakia nazo. Uza watu wafungie karanga."

Nikalipa moja nikatoka kifua mbele. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, jamani, hapo hapo, kwa ubahili wa karatasi. Na nilipofika nyumbani niliiandika ile pesa niliyookoa kwenye faida.

Jumapili baada ya alasiri tukaenda. Sebule ya Mzee Hamisi ilijaa, watu kama kumi na wawili, wazee wao na wetu, na akina mama nyuma ya pazia. Mnajua desturi, mchumba haongei, anayeongea ni mshenga, mchumba anakaa karibu na mlango, kanzu imepigwa pasi, anaangalia mkeka kama amepoteza kitu pale. Baba Mdogo akaongea, akaongea vizuri mpaka nikajipenda mwenyewe. Alisema huyu kijana ni mkarimu, akitoa kitu hageuki nyuma. Mzee Hamisi akawa anatikisa kichwa taratibu. Moyo wangu ukasema, imekubalika.

Zikaletwa sambusa. Walikuwa wameziagiza kwa yule mama wa kona ya msikiti, ambaye anafunga mbili mbili kwenye karatasi anazonunua kwa kilo huko mjini. Shangazi Mwajuma akagawa. Nikafungua zangu, na kwenye mafuta nikaona imeandikwa, "Avoka 2." Nikasema moyoni, kumbe kuna mwenzangu anayependa avoka. Mstari wa chini, "Kunyoa ndevu, kwa ajili ya kwenda kwa kina Zaituni."

Nikaikunja ile karatasi na sambusa zake nikatia mfukoni mwa kanzu, mafuta yakaanza kushuka pajani, nikainua macho, na nikaona watu kumi na wawili, kila mmoja ameshika ukurasa wangu. Baba Mdogo alikuwa anafutia mdomo wake. Na mimi kusema siwezi, desturi imenifunga mdomo! Nilianza kumkonyeza Baba Mdogo, naye kwa macho yake yale akadhani namshukuru, akanitikisia kichwa.

"Eeh," akasema Shangazi Mwajuma. "Jina yangu iko hapa."

Shangazi amesomea kwa masista, anasoma haraka na kwa sauti. "Shangazi Mwajuma, kitenge. Maelezo: si ile ya bei kubwa, hataona tofauti."

Alikuwa amekivaa. Watu wote wakakiangalia kile kitenge, naye akakiangalia, halafu akaniangalia mimi. Mzee mmoja upande wa pili akasema hata kwake kuna maandishi. Mzee Hamisi akaomba miwani yake, akafungua karatasi ya sambusa zake, akasoma polepole.

"Saa mbili za kazi zimepotea. Kumusikiliza Mzee Hamisi, hadithi ya lori lake, mara ya nne."

Nyuma ya pazia mama yake Zaituni akasema, "Ya nne tu? Huyo ana bahati." Akina mama wakacheka, sebuleni hakucheka mtu.

Baba Mdogo akajaribu kuniokoa. "Wazee wangu, akina Ramadhani ni wengi mu Buyenzi."

"Na akina Zaituni?" akauliza Shangazi, akasoma jina la ile hesabu, lile lililokuwa juu ya ukurasa, neno kwa neno, mpaka kwenye "posa ikikataliwa". Nilisikia sambusa ya mtu ikivunjika mdomoni.

Mzee Hamisi akavua miwani. "Sawa. Kijana ameandika upande yake. Na sisi tuandike yetu. Leteni bic."

Wallahi waliandika, kwenye migongo ya karatasi zangu mwenyewe. Mama yake Zaituni akawa anataja kutoka nyuma ya pazia, pilau ya Idi mbili, chai hazihesabiki basi wekeni thelathini, siku ile ya mvua alikula sahani tatu, na mwavuli aliondoka nao mpaka leo (kweli, ulikuwa nyumbani). Shangazi akajumlisha. Mzee akaangalia jumla, akaniangalia.

"Kumbe sisi njo tunakudai. Sudi, kaka yangu, mukwende. Alete baki kwanza, iyo ingine tutaongea siku ingine."

Baba Mdogo aliinamisha kichwa. Nikamuona Zaituni anapotea, na si kwa sababu ya umaskini wangu, kwa sababu ya kalamu yangu. Ndipo pazia likafunguka, akatoka mwenyewe, macho mekundu, akamuomba baba yake ruhusa ya kuuliza swali moja.

"Rama, iyo programu ulinunua ngapi?"

Desturi ikafia hapo. "Ni ya bure."

"Wale walioifanya, wanakujua?"

"Apana."

"Watu hawakujui, hata jina yako hawajasikia, wamekupatia kitu ya bure. Na weye unaandika sukari ya mama yangu."

Jamani, mpaka hapo nilikuwa naona aibu ya watu. Maneno yale yalinitia aibu yangu mimi mwenyewe, na hiyo ni nzito zaidi. Nikasimama, kanzu ina doa la mafuta, nikamuomba msamaha Mzee, nikamuomba Mama, nikamuomba Shangazi na kitenge chake. Nikasema niliogopa. Niliogopa kumkosa Zaituni na pesa ikapotea pamoja naye, ndiyo maana nikajiandikia njia ya kutokea, na mtu anayeoa hatakiwi kujiandikia njia ya kutokea.

Mzee akamgeukia binti yake. "Mahari ni haki yako, si yangu. Kama humutaki, sema. Kama unamutaka, taja."

"Nataka iyo ordinateri yake ya hesabu," akasema Zaituni. "Na mot de passe ya kuifungua."

Sebule ililipuka kwa kicheko, pazia karibu lianguke. Baba Mdogo akasema tumekubali kabla sijapata pumzi.

Baki nililipa yote, na mwavuli nikarudisha, na Shangazi nikamletea kitenge cha bei yake halisi. Sasa hesabu za nyumba anashika Zaituni, na niwaambie ukweli, anajua kuliko mimi, mwaka huu tumeweza kukodi gereji ya pili, ingawa nikitaka avoka lazima nieleze kwanza.

Mimi nimeapa mambo mawili. Mashine ikichapa karatasi, hata mia, nalipa zote na naondoka nazo zote. Na kitu nikikipeleka kwa wakwe, kimekwenda. Jana nimempelekea mama mkwe samaki mukeke, wakubwa, wabichi kabisa kutoka ziwani. Bei yake naikumbuka mpaka franka ya mwisho, lakini sijaiandika popote, na nyinyi msiniulize.