Wifi Yangu na Linki Zake

Niseme wazi tangu mwanzo: wifi yangu ananiudhi. Ni mdogo wake mume wangu, anakaa nasi tangu apate kazi, na ukimuuliza lolote, hata chumvi iko wapi, anajibu, "Soma kwanza." Ofisini kwao wamembatiza jina hilohilo, Soma Kwanza. Kazi yake ni kuandika mwongozo wa programu ya kutunza mafaili ya wagonjwa, unaosomwa mtandaoni. Mimi ni karani wa masjala katika kituo cha afya kinachotumia programu hiyo. Kwa hiyo simkwepi nyumbani wala kazini.

Mwongozo wake ulikuwa mzuri, ila ulikuwa ukurasa mmoja usiokwisha. Ukitaka kujua namna ya kusahihisha tarehe ya kuzaliwa, unasogeza, unasogeza, mpaka kidole kinaingia ganzi, na waliopanga foleni dirishani wanaanza kukohoa kwa makusudi. Mwisho tunapiga simu. Vituo vyote vilikuwa vinapiga simu. Bosi wao akachoka, akamwambia kwamba simu zisipopungua ndani ya mwezi mmoja, mwongozo utaondolewa na yeye atahamishiwa meza ya kupokea simu. Miaka mitano ya kuandika, basi tena.

Jioni ile alifika amenuna. Nikamtania, "Vipi wifi, leo hujasoma?" Hakucheka. Alisukuma sahani pembeni, akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula.

"Wewe ukikwama, unataka nini hasa?"

"Nataka unipeleke palepale. Usinizungushe."

Akajifunga kibwebwe. Kila kichwa kidogo cha mwongozo, na vilikuwa mia mbili na kumi na viwili, akakipa anwani yake. Pembeni ya kichwa kukawa na alama ndogo ya mnyororo. Ukiibofya unapata linki, na yeyote utakayemtumia anatua kwenye kichwa hichohicho bila kusogeza chochote. Akavitumia vituo vyote linki hizo. Sisi wa masjala tukawa tunarushiana kwenye kundi letu la simu: "Kuunganisha mafaili mawili ya mgonjwa mmoja, bonyeza hapa." Baada ya wiki mbili simu zikaanza kushuka. Nikawa natembea kifua mbele kana kwamba nimeandika mimi.

Kumbe anwani zile alizipa namba kwa mpangilio: kichwa cha kwanza moja, cha pili mbili, na kuendelea. Wiki ya tatu akaongeza kichwa kipya juu kabisa, cha nywila. Namba zote zikasogea kwa moja, na yeye hakugutuka.

Jumatatu asubuhi, foleni imefika mlangoni, nikamkuta mzee mmoja wa dawa za moyo ana mafaili mawili. Nikafungua linki yangu ya kuunganisha. Ikanishusha kwenye kichwa kilichotangulia: kufuta faili. Nisome kichwa? Linki ya wifi yangu, niisome ya nini! Nikafuata hatua zote, nikabofya ndiyo. Faili likaondoka na vipimo vya mzee vya miaka sita.

Nikampigia nikifoka. "Wewe na minyororo yako! Umenifutisha faili la mtu!"

Akaniuliza linki imenipeleka wapi, nikamsomea kichwa. "Usiguse kitu. Nakuja."

Mafundi wao walilirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba kabla ya saa sita mchana. Mzee mwenyewe hakujua lolote, alikuwa anasinzia kwenye benchi. Nikamvuta wifi pembeni.

"Yamekwisha. Sema karani alibofya vibaya. Mimi watanikaripia tu, lakini wewe umebakiza wiki moja."

"Wifi, vituo arobaini vina linki hizo. Nikinyamaza, kesho ni karani mwingine."

"Basi kibarua chako kitaota nyasi."

"Kiote."

Akaingia kwa daktari wetu mkuu akasema kosa ni lake. Akaenda kwa bosi wake akasema maneno yaleyale. Bosi akawaka, akataka mwongozo uzimwe siku hiyohiyo. Wifi akamwomba siku mbili, akapewa. Wanasema mficha uchi hazai.

Kwanza alivipigia vituo vyote arobaini, kimoja kimoja, akavionya. Kisha kila kichwa akakipa jina la kudumu badala ya namba, ili hata viongezwe vichwa hamsini juu yake, anwani haitasogea. Na zile namba za zamani zilizokuwa tayari kwenye simu za watu, kila moja akaielekeza kwenye kichwa ilichokuwa inakionyesha siku alipoituma. Niliketi naye nikazifungua zote mia mbili na kumi na mbili, nikisoma kila kichwa kwa sauti, yeye akiweka tiki.

Mwezi ulipokwisha, simu zilikuwa zimeshuka kutoka thelathini kwa siku hadi sita. Bosi aliwaita wote mkutanoni akatangaza kwamba mwongozo unabaki, na kwamba kuanzia leo hakuna atakayebadilisha anwani hata moja bila ruhusa ya Soma Kwanza. Fundi mmoja wa programu akaguna: kwa nini yeye, na ndiye aliyekosea?

"Ndiyo sababu," bosi akajibu. "Nililisikia kosa hilo kutoka kinywani mwake kabla kituo hakijanipigia."

Wifi alinisimulia haya akiwa bado amesimama mlangoni na viatu miguuni. Nilimkumbatia, nikamwomba radhi kwa ushauri wangu wa siku ile, maana mimi ningesema uongo na ningelala usingizi. Namwonea fahari kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote wa nyumba hii. Kumwambia siwezi, atavimba kichwa. Ndiyo maana nakwambia wewe.