Siku Baba Alipompa Kijana Shikamoo

Mimi sinywi pombe, sivuti kitu, na siku yenyewe nilikuwa nimekula ugali wangu mchana nikashiba. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakachoniuliza, maana kila ninayemsimulia huniuliza hicho hicho. Basi sikia. Haya yalitokea kweli, nyumbani kwa baba yangu, Kilosa, mbele ya watu wenye akili timamu, na mmoja wao ni mwalimu. Kama unapenda visa vya usiku wa manane na paka weusi, samahani sana, changu kilitokea saa kumi alasiri.

Nilikuwa na banda la gemu. Nasema banda, lakini kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba: TV mbili, mashine mbili, mabenchi, na tangazo mlangoni kwamba ukitukana unatoka. Nyumba iko chini ya tuta la reli, na nyuma yake, ukivuka kishamba cha mahindi, ni mto Mkondoa. Mtu wa Kilosa huhitaji kumweleza maana ya kuishi hapo. Masika yakichachamaa, ule mto hauna adabu.

Na baba hakutaka kuhama. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu, ndiyo iliyoninyima usingizi kila mwaka. Dada yangu anaishi Mikumi, ana nyumba nzuri penye mwinuko, na mvua zikianza tu anapiga simu: mlete baba. Baba ana miaka sabini na kitu, mguu mmoja haukunjiki, anatembea kwa fimbo. Maji yakija atakimbia na nini? Nilimbembeleza, nilinuna, nikamletea hata mchungaji. Jibu lilikuwa moja.

"Nani mkubwa wangu humu ndani? Nionyesheni mkubwa wangu mmoja aniambie nihame, nitahama."

Wakubwa zake wote walikwisha kufa, na yeye alilijua hilo vizuri. Sasa mtoto utamwamrisha vipi baba yako? Unabaki kusikiliza mvua. Alikuwa hivyo tangu ujana wake. Alifanya kazi ya kutunza njia ya reli, na alipohamishiwa Tabora aliacha kazi wiki hiyo hiyo. Watu walisema ni ukaidi. Hata mimi nilisema, Mungu anisamehe.

Tuje kwenye gemu. Masika hayo nilikuwa nimeleta CD mpya kutoka Morogoro, gemu la baharini. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, vijana wakaliita Merikebu. Mnacheza wawili, skrini inagawanyika katikati. Mna chombo chenu, mnatweka matanga, mnapambana na majini na pweza mkubwa kuliko kanisa, mnashuka visiwani kuchimba hazina. Muuzaji alikubali nimrudishie kama halitapendwa. Kwa hiyo nikaning'iniza daftari ukutani, kila anayecheza aandike maoni yake: libaki au lirudi?

Ungeyaona hayo maoni! Kilosa hatuna bahari, wengi wa wachezaji wangu hawajawahi kuiona, lakini kila mtu akawa nahodha. Hamisi, dereva wa Noah inayokwenda Mikumi, aliandika kwamba usukani ni mzito, hazina unaichimba mpaka unazeeka, halafu inakuja mizimu ya maharamia kukupora. Mwalimu Kibwana alijaza ukurasa mzima: hadithi haina kina, mwisho haueleweki, arobaini kwa mia. Tausi, fundi cherehani wa mlango wa pili, hakujali vita wala hazina. Aliandika, "Maji yake mazuri, naweza kukaa nikayatazama tu."

Jambo moja hawakulibishania. Mwenzako akiwa kisiwani na pweza akaibuka, unang'oa nanga unaondoka. Hazina ikishaingia chomboni, mwenzako wa nini? Marafiki waliingia kwangu wameshikana mikono wakatoka hawasemezani. Nilicheka sana siku zile, sikujua ninachokicheka.

Siku hiyo mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi. Tulikuwa wanne bandani: mimi, Hamisi, mwalimu na Tausi. Mwalimu amegoma kucheza na Hamisi, maana ameachwa kisiwani mara tatu. Baba yuko chumbani kwake, amelala. Ndipo kijana mmoja akaingia.

Alikuwa wa miaka ishirini hivi, kaptula ya kaki, shati jeupe la kizamani, miguu peku. Akasema, "Hamjambo," tukaitika. Hakuna aliyemjua. Sasa hapa nisikilize vizuri. Nje mvua inamwagika, na nywele za yule kijana zilikuwa kavu. Kavu kabisa! Lakini kuanzia kifuani kushuka chini alikuwa amelowa chapachapa, kama mtu aliyetoka kusimama mtoni. Niliona, naapa niliona. Nikajiambia labda alikuwa na mwavuli, kauacha nje. Binadamu tukitaka kujidanganya hatukosi njia.

"Oya, unajua hii?" Hamisi akamuuliza, akimpa pedi ya kuchezea.

"Nionyeshe."

Alivyoishika ile pedi ungedhani kapewa kiazi cha moto. Hamisi akamwelekeza usukani, wakatweka matanga, wakapata sanduku la kwanza la hazina. Kwenye kisiwa cha pili Hamisi akashuka kuchimba, mgeni akabaki na chombo. Na hapo, kama kawaida, bahari ikachafuka, pweza akaibuka.

"Sepa!" mwalimu akapiga kelele. "Ng'oa nanga, ondoka!"

Hata Hamisi mwenyewe alishaweka pedi yake mapajani, anangoja kufa. Mgeni akageuza chombo. Hakukigeuza kukimbia, alikigeuza kurudi. Akapita katikati ya mikono ya pweza, taratibu, mpaka ufukweni, akamchukua Hamisi. Kisha mkono mmoja ukashuka, chombo kikavunjika vipande viwili, na hazina ikazama pamoja nao.

"Aisee ndugu yangu, umetuua!" Hamisi akalia. "Si ungeniacha tu?"

Yule kijana alikuwa bado anatazama skrini. "Kuna mtu niliwahi kumwambia asubiri," akasema, "sikurudi. Si jambo zuri."

Mimi sipendi banda likinyamaza, nikatania, "Haya mgeni, na wewe tuandikie maoni yako." Kalamu ilikuwa imeisha wino, Tausi akampa penseli yake ya kuchorea vitambaa. Aliandika polepole, amelipigia daftari magoti.

Alikuwa bado anaandika pale baba alipotoka chumbani, na fimbo yake, kuja kugomba juu ya kelele. Lazima ujue kitu kuhusu baba na salamu. Kijana asiyemwamkia, baba humsimamisha barabarani akamuuliza alilelewa na nani. Kwa hiyo Hamisi na Tausi wakawahi: "Shikamoo mzee!" Mwalimu naye, "Shikamoo." Yule kijana akainua uso, akamtazama baba, hakusema kitu. Hakusimama hata! Nikaona aibu, nikafungua mdomo nimkaripie.

Baba akanitangulia. Akaegemeza fimbo ukutani, akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Hamisi akacheka, alidhani mzee anamsuta kijana kwa kukosa adabu. Hata mimi nilidhani hivyo. Kisha tukasikia jibu, limetulia, bila mzaha.

"Marahaba. Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, kaka."

Niambie wewe, umewahi kusikia mzee wa miaka sabini anampa shikamoo mtoto wa miaka ishirini? Na mtoto anaipokea? Kicheko cha Hamisi kilikatika katikati. Mimi nilishika ukingo wa benchi. Baba alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mama alipofariki. Walisemezana kidogo kwa Kikaguru, lugha ninayoisikia nusu nusu, na nilishika maneno mawili tu: "nimerudi" na "ondoka". Halafu kijana akamgusa baba begani, akapita ukumbini kuelekea mlango wa nyuma.

Nikamfuata. Sijui nilikuwa nataka kumwambia nini, labda kwamba huko hakuna njia. Nilipofungua mlango wa nyuma sikukuta mtu. Nilikuta maji. Yalikuwa yamekuja kupitia kwenye mahindi, tambarare, bila sauti yoyote, yameshafika kizingitini, na kandambili zangu zinaelea. Tulikuwa tumekaa tunasikiliza mvua juu ya bati upande wa barabara, na mto umetuzunguka kwa nyuma.

Nikarudi mbio. Nikamkuta baba amesimama mlango wa mbele, Biblia kwapani, fimbo mkononi.

"Mwanangu, twende Mikumi. Nimeruhusiwa."

Sikuuliza. Hamisi alileta Noah mpaka mlangoni, mwalimu na Tausi wakakimbia kugonga nyumba za jirani, kuwaambia watu wapande tutani. Na mimi, mfanyabiashara hodari, nikaacha TV zote na mashine zote, nikachomoa daftari la maoni ukutani nikalikumbatia. Sijui kwa nini. Dada yangu ananicheka mpaka leo.

Tulipokuwa tumeshaupa mto kisogo ndipo baba alipozungumza. Tulikuwa tunajua alikuwa na kaka aitwaye Danieli aliyechukuliwa na maji, mwili haukuonekana. Zaidi ya hapo hakuwahi kusema. Sasa akasema. Alikuwa mtoto wa miaka minane, mto ulipofurika Danieli akambeba mabegani, maji yakimfika kifuani, akampandisha juu ya tuta la reli. Kisha akageuka kwenda kumfungua mbuzi wa mama yao. Akamwambia, "Kaa hapa. Usiondoke mpaka nirudi."

"Nikakaa," baba akasema.

Hamisi alipunguza mwendo, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa nimemshika baba mkono, nikaona haya mbele ya Mungu. Tabora ile, kazi ile aliyoiacha, ugomvi wetu wa kila masika. Tulimwita mkaidi, kumbe alikuwa mtoto wa miaka minane anayemtii kaka yake.

Tulifika Mikumi giza limeingia, malori yamejipanga barabarani, dada amesimama nje na kanga kichwani. Baba alikula chapati tatu, akalala. Mvua ilinyesha usiku kucha juu ya bati, naye alikoroma. Alfajiri Tausi akapiga simu. Mto ulikuwa umepita ndani ya nyumba yetu hadi madirishani, na ukuta wa nyuma umeangukia kitanda cha baba. Watu je? Wote walikuwa tutani tangu jioni, hata kuku wengine. Nilikaa chini palepale jikoni kwa dada, nikacheka na kulia kwa pamoja, moyo umekuwa mwepesi kama wa mtu aliyetuliwa gunia. Nikaenda kumchungulia baba, bado anakoroma. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Daftari ninalo. Lililowa njiani, maoni ya Hamisi na alama arobaini za mwalimu zimekuwa madoa ya wino. Ya mgeni yanasomeka. Najua penseli haitoki kwa maji, usinifundishe. Ila mwandiko ni ule wa kulala, wa shule za misheni za zamani, na baba alipouona alipitisha kidole chini ya kila neno. Yameandikwa hivi: "Mchezo ni mzuri, na maji yamechorwa vizuri. Lakini ya kweli hayaji kwa mbele na kelele namna hii. Huja kwa nyuma, kimya. Na aliyeachwa kisiwani afuatwe."

Tumehamia Mikumi moja kwa moja. Baba sasa ugomvi wake ni na nyani wanaomwibia ndizi, na mvua ikinyesha hata hageuki kitandani. Nimefungua banda jingine, mashine moja tu kwa sasa, na lile gemu sikulirudisha. Lina sharti moja kwangu: ukimwacha mwenzako kisiwani, pedi inatoka mkononi mwako. Vijana wa huku wanaandika daftarini kwamba nimewaharibia mchezo. Waache waandike.

Wewe uliyenisikiliza, kuamini ni juu yako. Ila nakuonya. Mzee wako akigoma kutoka mahali penye hatari, kabla hujamwita mkaidi, muulize kwanza ni nani alimwambia akae. Na siku ukimwambia mtu "kaa hapa mpaka nirudi", rudi. Hata kama umechelewa miaka sitini, rudi, maana yeye bado amekaa.